Chini ya Mwembe Pana Nafasi ya Drasena

Mwishoni mwa Oktoba Lubumbashi nzima hutazama juu. Joto limekaza, jakaranda zimemwaga maua yake ya zambarau barabarani, maembe yanaanza kunenepa, na kila mtu anatafuta wingu. Mimi nawaomba mtazame chini, hasa chini ya mwembe wa nyumbani kwenu. Nadhani najua mtakachokikuta: udongo mwekundu uliofagiliwa hadi ukawa mgumu kama sakafu, mizizi iliyotokeza kama mishipa ya mkono wa mzee, kiti kimoja, mbabula, na nusu gunia la makala. Hapo ndipo penye kivuli kizuri kuliko pote katika lupangu, na ndipo tulipopaacha patupu.

Nikiuliza sababu, naambiwa kwamba pale hakuoti kitu. Mwenye nyumba alijaribu lengalenga, zikarefuka kama uzi na kuanguka. Akajaribu matembele, yakatambaa kwenda kulifuata jua nje. Mboga hizo hazina kosa, ni za jua. Kivuli nacho kina mimea yake, iliyozoea kuishi miguuni pa miti mikubwa na kubaki na majani mabichi mwaka mzima. Mmojawapo ni wa Afrika yetu hii, hauhitaji mbolea ya dukani, na mtu mmoja akiwa nao mtaani, mtaa mzima unaweza kuwa nao. Ni drasena.

Wataalamu huuita Dracaena fragrans. Kwa asili huota chini ya misitu ya Afrika ya tropiki, kuanzia Kodivaa hadi Msumbiji na Angola, na Kongo iko katikati ya eneo hilo. Msituni, ukiachwa miaka mingi, unaweza kufika mita 15. Nyumbani huwa kichaka cha mita 2 au 3, kwa sababu kisu ndicho kinachoamua. Shina lake ni jembamba lenye pete, kila pete ni alama ya jani lililodondoka. Majani hujipanga kileleni mfano wa majani ya mhindi, mengine yakizidi mita moja kwa urefu. Wenye mstari wa njano katikati ya jani, ule unaouzwa kwenye vyungu kando ya barabara zetu, ulichaguliwa na kuzalishwa na wakuza maua, na watu wengi wanaununua wakidhani umetoka Ulaya. Wa kijani kitupu ni mgumu zaidi na huvumilia kivuli kizito zaidi. Kwa chini ya mwembe, mimi nachagua wa kijani.

Kabla ya kushika jembe, fikirini kidogo juu ya msitu. Tumezungukwa na miombo, na miombo humwaga majani wakati wa ukame, kisha moto hupita chini yake karibu kila mwaka. Lakini katika Katanga yetu kuna vipande vya msitu mwingine, mnene, usiopoteza kijani chake, unaoitwa muhulu. Jina hilohilo walilishika wataalamu wa mimea, akiwemo profesa François Malaisse aliyefanya utafiti miaka mingi kando ya Lubumbashi. Ndani ya muhulu majani huanguka yakabaki pale pale, yakaoza, yakahifadhi unyevu, na moto haupati nafasi kwa urahisi. Mmea wa kivuli unaishi kwa masharti hayo mawili: majani yaliyooza chini, na moto kukaa mbali. Sasa tazameni tunachokifanya nyumbani. Asubuhi tunafagia majani yote ya mwembe, tunayarundika, tunayachoma. Kwa fagio moja na kiberiti kimoja tumeondoa masharti yote mawili, halafu tunasema kivuli hakizai.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haihusu drasena hata kidogo. Acheni kuchoma majani. Fagieni njia na mahali pa kukaa, kwa sababu nyoka na nge ni wa kweli na watoto wanacheza pale, lakini majani yasukumeni yakusanyike upande mmoja wa mwembe, ule msiopita. Yamwagieni maji ya kuoshea mboga. Katika msimu mmoja wa mvua yale ya chini yatakuwa meusi na mepesi mkononi. Hicho ndicho chakula.

Sasa mahali pa kupanda. Lubumbashi iko karibu digrii 12 kusini mwa ikweta, na jambo hilo lina faida kwa mtu wa bustani kuliko anavyodhani. Kuanzia Machi hadi Oktoba jua la saa sita hupita kaskazini mwetu, kwa hiyo ukuta wa kusini wa nyumba huwa na kivuli kipindi chote cha ukame. Kuanzia mwisho wa Oktoba hadi katikati ya Februari jua huvuka kidogo upande wa kusini, lakini ndio wakati wa mawingu na mvua, halichomi sana. Basi kama huna mwembe, una ukuta wa kusini. Upande wa mashariki nao unafaa, jua la asubuhi hadi saa tatu halidhuru. Upande wa magharibi usijaribu. Jua la saa tisa mchana mwezi wa Septemba ni kali mno.

Nasema hivyo kwa sababu mche wangu wa kwanza niliupanda magharibi. Niliununua mwezi wa Agosti, wenye mstari wa njano, kutoka kwa muuza maua aliyeniapia kwamba unapenda jua. Nikauweka kando ya ukuta ulioelekea machweo. Wiki ya pili majani yalikuwa na mabaka ya kahawia, makavu, kama nguo iliyounguzwa na pasi. Nilidhani ni kiu, nikaongeza maji, na kwa maji hayo nikaozesha mizizi pia. Jani lililoungua haliponi, hubaki na kovu mpaka lidondoke. Ukiona mabaka ya namna hiyo, hamisha mmea kivulini na uache bidoni ya maji mahali pake.

Baridi nayo watu huisahau. Mji wetu uko juu, kiasi cha mita 1,200 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya digrii 10. Drasena ni mtoto wa msitu wenye joto, hapo ndipo anapoanza kuumia. Baada ya kosa la Agosti nilipata vipande viwili kutoka shina moja, kimoja nikakipanda karibu na lango, mahali pa wazi, kingine chini ya mwembe, hatua kumi tu kati yao. Julai iliyofuata ule wa langoni ulikuwa na ncha nyeusi na majani yaliyolegea, na ule wa mwembeni haukuwa na alama hata moja. Usiku wa mbingu wazi ardhi hupoteza joto lake kwenda juu, na matawi ya mwembe hulizuia. Kivuli cha mchana ni blanketi la usiku. Kwa mmea huu, katika mji huu, nadhani hilo ni muhimu kuliko mbolea yoyote.

Chini ya mwembe chimbeni kwa adabu. Pimeni kama mita moja na nusu kutoka shinani, tafuteni kwa ncha ya fimbo mahali ambapo hakuna mzizi mnene, mchimbe shimo la kina cha sentimita 30 hadi 40. Mkikuta mzizi mnene kama kifundo cha mkono, uacheni, sogeeni. Mparachichi ni habari nyingine: mizizi yake inayolisha iko juu juu kabisa, ukichimba unaiumiza, na ukirundika udongo shinani unaukaribisha uozo. Chini ya mparachichi wekeni drasena kwenye vyungu au ndoo kuukuu zilizotobolewa chini.

Udongo wetu mwekundu hushikamana, mvua ikinyesha unakuwa tope na ukame ukija unapasuka. Changanyeni sehemu mbili za udongo huo na sehemu moja ya majani yaliyooza na konzi chache za samadi ya mbuzi iliyokauka na kuzeeka. Wanaokaa karibu na kichuguu wana bahati. Vile vichuguu vikubwa vya Katanga, vingine virefu kuliko nyumba, vina udongo wenye chokaa na rutuba kuliko ardhi inayovizunguka, na ndiyo maana juu yake huota vichaka vya kijani ambavyo miombo pembeni haina. Konzi mbili tatu za udongo huo kwenye shimo zinatosha; ni mfinyanzi, ukizidisha unaziba maji. Na kama lupangu yenu bado ina kichuguu chenye kichaka chake, nawasihi msikimalize chote kwa matofali. Hiyo tayari ni bustani ya kivuli iliyopandwa na mchwa kabla ya mji huu kuanzishwa mwaka 1910.

Sasa vipande. Mtu asiende msituni kung'oa. Msitu wa kando ya Lubumbashi umekwisha kutoa makala ya kutosha, na mmea wa kung'olewa mara nyingi hufa njiani. Ombeni kipande kwa jirani. Chagueni shina lenye unene wa kidole gumba, kata kwa kisu kikali kilichopitishwa motoni, vipande vya sentimita 20 hadi 30. Upande wa chini kata mshazari, upande wa juu kata mnyoofu. Usidharau alama hiyo: shina likishaondolewa majani, juu na chini hufanana, na kipande kilichopandwa kichwa chini hakikupi mche. Kilazeni kivulini nusu siku hadi siku nzima mpaka jeraha likauke. Kisha kichomekeni theluthi moja ndani ya mchanga uliochanganywa na mboji kidogo, kwenye ndoo, pasipo na jua. Kilele chenye majani nacho kipandeni, lakini punguzeni majani nusu, maana hayana mizizi ya kuyanywesha.

Halafu mtu asikichungulie. Mchanga uwe na unyevu, usiwe na maji. Kati ya wiki nne na nane mtaona chunusi ya kijani ikitokeza juu ya pete mojawapo, kisha majani mawili yaliyojikunja kama karatasi. Mara ya kwanza nilipotoa kipande changu kwenye ndoo nilishtuka: mizizi yake ilikuwa ya rangi ya machungwa, minene kiasi, imeshika mchanga kama vidole. Nilidhani ni ugonjwa. Ndiyo rangi yake. Mzizi wenye afya ni wa machungwa na mgumu. Uliooza ni wa kahawia, laini, na unanuka.

Wakati bora wa kuhamisha mche kwenye shimo ni mvua ikishatulia, kuanzia katikati ya Novemba hadi Januari. Mvua ya kwanza ya Oktoba hudanganya, inanyesha siku moja na kupotea wiki mbili. Mkipanda Desemba mmea unapata miezi minne ya kujijenga kabla ya ukame wa Mei. Funikeni udongo kwa majani makavu unene wa kiganja, lakini yaacheni mbali na shina kwa upana wa mkono, mchwa wasipate daraja.

Maji ya kiangazi ndiyo yanayowatisha watu wa mji ambao robine inatoa leo na kesho haitoi. Tulieni. Mmea uliokwisha kushika, ukiwa kivulini na umefunikwa majani, hutosheka na lita tatu au nne mara moja kwa wiki, na Septemba mara mbili. Maji yaliyooshewa wali au mboga yanafaa kabisa; ya sabuni ya kufulia hapana. Juni na Julai mwagilieni asubuhi jua likishapanda, ili usiku usikute udongo umelowa. Ncha za majani zikikauka rangi ya kahawia wakati wa Agosti, msihangaike, mara nyingi ni hewa kavu tu, au chumvi na dawa zilizomo kwenye maji ya bomba, na mvua ya Novemba ikija majani mapya yatatoka safi. Cha kuhangaikia ni shina kuwa laini karibu na udongo: hapo umeoza. Kata juu ya uozo, anzeni upya na kipande kilichobaki. Mmea huu humsamehe mtu namna hiyo mara nyingi. Mkiona vidung'ata, vile vyeupe kama pamba vinavyojificha kwapani mwa majani, vifuteni kwa kitambaa chenye maji ya sabuni ya kuoshea vyombo.

Futeni na vumbi. Mji wetu ni wa shaba, tangu kiwanda cha kuyeyusha kilipowashwa mwaka 1911, na upepo wa miaka zaidi ya mia umebeba shaba, risasi, aseniki na kadimiamu na kuviacha ardhini, hasa upande ambao pepo hupeleka moshi wa lile bomba refu. Watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, walikuta metali kwa wingi katika udongo, vumbi na hata mikojo ya watu wanaoishi karibu na viwanda. Mtoto anayecheza juu ya ardhi tupu anakula vumbi kwa vidole vyake. Kwa familia za mitaa hiyo nasema wazi: pale penye shaka, mboga zipandwe kwenye matuta yaliyoinuliwa kwa udongo mwingine, na ardhi iliyobaki ifunikwe. Drasena haisafishi udongo, na simwahidi mtu hivyo. Lakini majani makavu chini yake hushika vumbi lisipeperuke. Konzi la chokaa na mboji nyingi kwenye shimo husaidia, kwa kuwa metali nyingi hushikwa zaidi udongo ukipungua ukali. Majaribio ya kuotesha nyasi na miti kwenye ardhi iliyokufa ya Penga Penga, hapa mjini, yalitumia njia hiyo ya chokaa na mboji.

Kuna jambo la ndani ya nyumba nisiloweza kulipita. Mwaka 1989 watafiti wa NASA waliweka mimea, drasena ikiwemo, ndani ya masanduku yaliyofungwa, wakaona baadhi ya gesi zinapungua. Tangu hapo watu hurudia kwamba drasena inasafisha hewa ya chumba. Chumba si sanduku. Waliolipima tena jambo hilo baadaye walikuta kwamba ingehitajika mimea mingi mno, chumba kikajaa watu wasipate pa kukaa. Nasema haya kwa sababu ya Juni. Baridi ikija, wako watu wanaoingiza mbabula ndani, wanafunga dirisha, wanalala. Moshi wa makala usioonekana unaua, na hakuna jani linaloweza kuuzuia. Mbabula ibaki nje. Drasena ikae sebuleni kwa uzuri wake, mbali kidogo na paka na mbwa wanaopenda kutafuna, maana utomvu wake huwatapisha.

Wengine mtapenda kuipanda mpakani, na mtakuwa mmeingia katika desturi ya zamani. Wachaga wa Kilimanjaro huipanda drasena yao, wanayoiita isale, kwenye mipaka ya vihamba, na mtu aliyekosa alipeleka jani lake kwa aliyemkosea kuomba msamaha. Wahaya wana omulamula, ndugu yake, jina linalohusu kuamua na kusuluhisha. Huko Kameruni, katika nyanda za juu, ni mti wa amani. Mnaonaje watu walio mbali hivyo wakaona jambo moja ndani ya jani moja? Nadhani ni kwa sababu haufi kirahisi. Ukiukata unachipua, jirani hawezi kusema mpaka ulikuwa kwingine. Hata hivyo, hapa kwetu zungumzeni na jirani kwanza, mpande mkiwa wote wawili mnatazama, na msidhani mstari wa miti unachukua nafasi ya ile hati ya certificat d'enregistrement inayotajwa na sheria ya ardhi ya mwaka 1973.

Mmea ukifika kimo cha kifua, ukate kichwa. Watu huogopa. Chini ya mkato yatatokea machipukizi mawili au matatu, kichaka kitanenepa, na ulichokikata kinakuwa mche mpya. Usipokata unapata fimbo ndefu yenye shungi juu. Mmea uliozeeka vizuri unaweza kuchanua, mkono wa maua madogo meupe yenye wekundu kidogo, yaliyofumba mchana na kufumbua jioni. Harufu yake ni tamu na nzito, nondo hujaa. Msiupande chini ya dirisha la chumba cha kulala, wapo wanaoumwa kichwa.

Mwaka jana, kiangazi, mtoto wa jirani alikuwa akinitazama nikimwaga maji pale mwembeni. Akaniuliza: "Mama, juu ya nini uko unamwanga mayi ku munti yenye haizae matunda?" Nikamwambia aweke kiganja chake juu ya udongo wa njiani, kisha akiingize chini ya majani makavu. Akakirudisha mara ya pili mwenyewe, kule kwenye majani, akakiacha. Wiki hii amerudi kuomba kipande. Nimemkatia viwili, akakimbia navyo hadi langoni amevishika vichwa chini, nikamwita arudi nimwoneshe upande uliokatwa mshazari.